Mwaka wa Kuku Waliolazwa Mstari

Nilipoingia ukumbini, kabla sijampa pole mtu yeyote, niliiona sufuria. Ilikuwa ndogo mno kwa shughuli ile. Meza ndefu za kanisa zilikuwa zimejaa matrei ya pilau, chapati zilizokunjwa, sukuma, mbuzi wa kukaanga, chakula cha kulisha kijiji kizima, na mwishoni kabisa, karibu na majagi ya maji, palikuwa na kisufuria kimefungwa kwa kitenge cha manjano. Mimi ni mtu wa kushuku, sikuanza jana. Nikikuta mlango uko wazi huuliza nani ametoka, na nikiona sufuria ndogo kwenye shughuli kubwa huuliza nani hakutaka kuwalisha wenzake. Kisha nikamwona mwenye sufuria. Alikuwa ameketi peke yake karibu na ukuta, viti vya kulia kwake vitupu, vya kushoto vitupu, katika ukumbi ambao watu walikuwa wamesimama kwa kukosa viti. Mama Furaha anaishi Houston, na mimi naishi Houston. Nilipompigia simu kumpa habari ya msiba alisema angenipigia baadaye, na hakunipigia. Sasa yuko hapa Carrollton, mji wa kando ya Dallas ambao aliuacha mwaka 2018 bila kugeuka nyuma.

Mwili wa Mama Nekesa ulikuwa umeshasafirishwa kwenda Bungoma, na sisi tuliobaki Texas tulikusanyika kula na kumkumbuka. Picha yake kubwa ilisimama mbele, amevaa sare ya bluu ya uuguzi, anacheka kama mtu aliyetaniwa sasa hivi. Watu walishika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine wakasema alivyokuwa mkarimu, na hakuna aliyedanganya. Lakini hakuna aliyeutaja mwaka ule, ingawa nusu ya ukumbi ilikuwa ikitupia macho ukuta wa Mama Furaha kila baada ya muda. Nimeamua kuuandika mimi, kwa sababu mimi niliishi ndani ya nyumba ya Mama Nekesa na wao walikuwa wakipita tu kula.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi nilikuwa naogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mchana nilikuwa darasani chuoni, na chumba changu kilikuwa juu, dirisha likitazama ua wa nyuma. Jikoni kwa Mama Nekesa kulikuwa na chupa ya chai isiyopoa, harufu ya omena ambayo haikuwahi kutoka kwenye mapazia, na redio ya Kenya kwenye simu iliyosimamishwa ndani ya kikombe ili isikike vizuri. Uani kulikuwa na banda la kuku. Majogoo mji haukuwataka, basi wote walikuwa mitetea. Nyuma ya banda kulikuwa na uzio wa mbao, na nyuma ya uzio kulipita kijito chenye magugu marefu, kobe, na korongo mmoja aliyesimama pale siku nzima kama mlinzi anayelipwa kwa saa. Mama Nekesa alikuwa Mluhya, na hakuona haya kutaniwa juu ya kuku. "Mgeni akitoka kwangu bila kuku, huyo amepita tu, hajafika," alikuwa akisema.

Wageni wake walikuwa wa kila aina, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wa kanisani na wa msikitini, na kwa sababu hiyo kuku alichinjwa na mimi. Kwetu mwanamke hachinji ikiwa mwanamume yupo. Mwanamume wa nyumba ile, Baba Nekesa, alikuwa Mkristo, tena mara nyingi alikuwa Ohio au Nebraska na lori lake. "Rehema, ukichinja wewe meza yote inakula," Mama Nekesa aliniambia juma la kwanza, akanikabidhi kisu. Basi nikawa nasimama uani, nimeelekea kibla kama simu ilivyonionyesha, nasoma bismillahi huku mbwa wa jirani akibweka. Firigisi ilikuwa ya Baba Nekesa, na akiwa safarini ilikwenda kwa mgeni mkubwa wa siku hiyo. Mimi mchinjaji sikuwahi kuionja. Nayasema haya ili ijulikane kwamba shingo ya kuku naijua, mbele na nyuma.

Mama Furaha aliletwa Septemba ya 2017. Mafuriko ya Houston yalikuwa yameingia katika nyumba yake ya chini kule Gulfton, na makanisa yalikuwa yakitafutia watu pa kulala. Alikuwa Mkongo wa Fizi aliyeishi miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa Amerika, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye Biblia ndani ya mfuko wa plastiki na simu yenye kioo kilichopasuka. Mama Nekesa alimpa gereji. Walikuwa wameshatandika zulia mle na kuweka kitanda, lori halilali gerejini, na mlikuwa na joto. Kazi alipata upesi, kufunga mizigo katika ghala lililokuwa karibu, na mwenzake wa kazini alimpitia kila siku. Usiku wa kwanza aliandaliwa kama mgeni anavyostahili. Mama Nekesa mwenyewe alimpakulia, firigisi juu ya nyama, akaweka sahani mbele yake kwa mikono miwili.

"Miye sikulaka kuku, mama," Mama Furaha akasema kwa upole. "Unisamehe."

Mama Nekesa akacheka kwa meno tu. Akaenda kumkaangia mayai, na mayai Mama Furaha akayala yote. Nililiona hilo na nikaliweka. Mtu ambaye hali kuku lakini mayai anakula, ana jambo. Baadaye nikaona na mengine. Alfajiri alikuwa akitoka uani peku, hata kukiwa na baridi, akizunguka banda na kusali kwa sauti ya chini, mkono mmoja juu. Na Jumapili alijifungia gerejini na simu, akinong'ona Kibembe kwa muda mrefu, kisha akitoka macho yamevimba. Mlango wa gereji ulikuwa unapakana na jikoni, na mimi nilikuwa naosha vyombo polepole makusudi. Sikuelewa hata neno moja, na hilo lilinikera zaidi.

Majira ya baridi yalipita salama. Asubuhi moja ya Aprili Mama Nekesa alirudi kutoka kazini, akapitia uani kuangalia mayai, na nikamsikia akiniita kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo ndiyo iliyonitisha. Kuku watatu walikuwa wamekufa ndani ya banda. Hawakuwa wametupwatupwa. Walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu kando ya ukuta, vichwa upande mmoja, kama watoto waliolazwa kitanda kimoja. Manyoya hayakuwa yametapakaa, hapakuwa na nyama iliyoliwa, na damu ilikuwa matone tu nyuma ya shingo. Wale waliobaki hai walikuwa wamejibanza kona ya pili, kimya. Kabla ya saa nne Mama Brian alikuwa ameshafika. Mama Brian alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, rafiki wa Mama Nekesa tangu Kenya, na hakuna msiba wala harusi iliyoweza kuanza bila yeye.

"Mnyama anakula," alisema, akiinama kutazama bila kugusa. "Mnyama hapangi."

"Labda mbwa," nikasema.

"Mbwa angerarua. Hawa wamelazwa, Rehema. Si you can see wamelazwa?"

Hapo ndipo sisi tulipokosea, na ni kosa ambalo jirani yetu Mmarekani asingeweza kulifanya hata angejaribu, kwa sababu yeye angempigia simu mtu wa mitego na kwenda zake kazini. Sisi tumekulia na nguchiro, kanu na kicheche. Tunajua wanavyoiba: huingia, hubeba mmoja, huondoka, na asubuhi unakuta manyoya. Mwizi wa kuku ana njaa, na njaa haiachi nyama. Kuku aliyeuawa asiliwe, tena akalazwa na wenzake kwa adabu, huyo kwetu ametumwa na mtu. Hata mimi, niliyekuwa nasoma baiolojia, nilisisimka mwili. Hatukuwala, maana kwangu walikuwa kibudu na kwa Mama Nekesa walikuwa kitu kibaya zaidi ya kibudu. Aliwatia kwenye mifuko myeusi, akawaombea, akasubiri gari la taka.

Lakini kabla hajawafunga niliwapindua. Kisu changu huingia mbele, kooni. Hawa walikuwa wameingiwa nyuma, chini ya fuvu, na kwa kila mmoja palikuwa na vitundu vidogo vilivyokaribiana, vya kuingia ncha ya pini. Nikawaza meno. Sikusema, kwa sababu mwenye meno hayo sikuwa naye mkononi, na Mama Brian alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole vyake: anazunguka banda bila viatu, kuku hali, simu ananong'ona. "Unataka nikuchoree?" alimwambia Mama Nekesa jikoni, akidhani niko juu. Nilikuwa kwenye ngazi.

Nyumba ikabadilika. Hakuna aliyegombana na mtu. Mama Nekesa, muuguzi aliyejua dawa zote kwa majina yake marefu, alianza kukusanya nywele zake kwenye kitana na kuzichoma kwenye sinki. Nguo zikaanikwa ndani. Chupa ya chai ikahamia juu ya kabati, mahali ambapo mtu mwingine angelazimika kuomba. Kisha mlango wa kati ya jikoni na gereji ukawa unafungwa kwa ufunguo, na Mama Furaha akanunua jiko dogo la umeme akawa anapika maharage yake mwenyewe juu ya kiti. Alisalimia kila asubuhi kama kawaida, akaitikiwa kwa adabu. Adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi, na nilishindwa kula mezani nikiisikia.

Mei kuku wengine walilazwa mstari. Safari hii Baba Nekesa aliambiwa. Simu iliwekwa spika juu ya meza na nikamsikia kutoka kituo cha malori, injini zikinguruma nyuma yake. "Mimi sijui mambo ya uchawi na sitaki kujua," alisema. "Nafika mwisho wa mwezi. Nikifika, hiyo garage nataka niipate ikiwa garage." Mama Nekesa akakata simu. Mama Furaha hakuwa na ndugu Texas nzima, nyumba ya Gulfton ilikuwa imepewa watu wengine, gari hakuwa nalo, na kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya hapo karibu. Nilijua, na kila mtu pale alijua, kwamba akitolewa mle kwa sababu ile, hakuna nyumba ya Mswahili yeyote Dallas ambayo ingempokea. Habari ingefika kabla yake.

Nilimkuta gerejini akikunja nguo. "Banasema miye ni mulozi?" aliniuliza, kama anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Wanasema mengi, mama."

"Kule kambini, muntu wakimuita mulozi anahama siku ile ile, na nyumba inachomwa. Hapa banakupa mpaka mwisho wa mwezi." Akalainisha kola ya shati kwa kiganja. "Amerika iko nzuri."

Nikacheka, na yeye akacheka, kisha nikapanda chumbani nikalia kwa hasira. Toka siku hiyo nilimshuku kila mtu isipokuwa yeye. Nilimshuku Mama Brian, kwa kuwa nilishamsikia akiulizia gereji ile kwa ajili ya mdogo wake. Nilimshuku Baba Nekesa, aliyekuwa akilalamikia harufu ya banda. Nilimshuku jirani na mbwa wake. Nilipowamaliza binadamu wote nikabaki na vile vitundu vya shingoni, nikaanza kwenda kijitoni. Nilikwenda nikitoka kazini na nikitoka darasani, nikiruka uzio mahali ubao ulipolegea, nimevaa viatu vya hospitali, nikitafuta mwenye meno.

Kijito kilikuwa na mambo kuliko nilivyodhani kutoka dirishani. Kulikuwa na jiwe moja bapa kando ya maji, na juu yake, kila nilipokwenda, nilikuta kinyesi kipya, cheusi, kimesokotwa, kina vipande vya maganda ya kamba wa mtoni na manyoya ya panya, na harufu yake ilikaa puani hadi chakula cha jioni. Mtu huyo, nilikuwa nikimwita mtu, alikuwa anarudi mahali pale pale makusudi ili ajulikane. Kwenye tope nyayo zake zilikwenda mbili mbili, kwa mruko, zikifuata ukingo wa maji bila kukata kona. Chini ya mizizi ya mti mkubwa uliolalia kijito kulikuwa na tundu. Nikaketi ng'ambo yake siku nyingi na kitabu changu cha baiolojia, nisisome.

Alitoka jioni moja, jua lingali juu. Nilitegemea kitu kikubwa. Alikuwa mwembamba na mrefu kama mkono wa sweta, rangi ya kahawa iliyokolea, anang'aa kwa maji, na chini ya kidevu ana doa jeupe. Mdomoni alikuwa na chura. Akakung'uta mwili, akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi, kisha akajiingiza katika mwanya wa mawe ambao nisingeweza kupitisha ngumi ya mtoto. Nilipiga picha moja ikatoka na ukungu. Kesho yake mwalimu wangu wa baiolojia, mama mpole aliyekuwa daima akila karoti ofisini, aliitazama akatabasamu. Ni minki, alisema, na wako wengi kwenye vijito vya huku kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu hatembei na mtu na hapigi kelele.

Alinieleza ukoo wake wote, na nilikaa mpaka karoti zikaisha. Ni jamaa wa kicheche na fisi maji, na wa nyegere wetu yule jeuri. Kaskazini, kwenye misitu ya theluji, ana binamu anayeishi juu ya misonobari, mwenye koo la manjano na mkia wa manyoya mazito, anayekimbiza kindi kutoka tawi hadi tawi; Kiingereza wanamwita marten, na jina lake la Kiswahili silijui mpaka leo. Wote ni wembamba, hawana mafuta ya kuwakinga na baridi, hawalali majira ya baridi kama dubu, na kwa hiyo maisha yao ni kula leo na kuficha cha kesho. Huuma nyuma ya shingo, mara moja, chini ya fuvu. Msituni akikamata mmoja wengine hukimbia, na kazi inaishia hapo. Lakini bandani kuku hawana pa kukimbilia. Wanapapatika mbele yake, na kila kinachopapatika anakiuma, si kwa hasira wala kwa ulafi, mpaka pawe kimya. Halafu huwavuta pamoja na kuwapanga, kwa sababu anakusudia kurudi kuwachukua. Sisi kila mara tulikuwa tunakiondoa chakula alichokipanga, kwa maombi.

"Na kwa nini sasa, si wakati wa baridi?" nilimuuliza.

"Sasa ana watoto," akasema.

Kumwambia Mama Nekesa kwa maneno kusingetosha. Niliyajua maneno, na nilimjua Mama Brian. Nilisubiri mvua. Ilinyesha siku mbili, kijito kikapanda mpaka kwenye mizizi, na asubuhi iliyofuata nilimkamata Mama Nekesa mlangoni akitoka kazini, nikamshika mkono. Alikuwa amechoka, miguu imevimba. "Rehema, mimi si wa kuruka fence," alisema, lakini akaja, tukapenya kwenye ubao uliolegea, nikamkalisha juu ya ndoo. Hatukukaa sana. Yule mnyama alitoka kwenye tundu akiwa na kitu kinaning'inia mdomoni, cha kijivu, laini, macho hayajafunguka.

"Anakula mtoto wake," Mama Nekesa akanong'ona.

"Anamhamisha. Maji yameingia ndani."

Alipanda nacho ukingoni, akakipeleka kwenye rundo la mawe ya juu, akarudi majini, akaingia tena tunduni, akatoka na mwingine. Kila mmoja alimshika nyuma ya shingo. Mama Nekesa alitazama mpaka safari zile zilipokwisha, mikono yake juu ya magoti ya sare ya bluu. "Kwa hiyo hayo meno," alisema mwishowe, na hakumalizia. Tulirudi uani. Alipiga magoti ndani ya banda, mtu mzima yule, akapapasa nyuma ya chombo cha maji, na hapo chini wavu ulikuwa umeachana na mbao, tundu la kupita yai. Kwenye ncha za waya kulikuwa na manyoya mafupi ya kahawia. Akayachomoa, akayatia katika karatasi ya shashi, akayafunga kwa uangalifu kama dawa. Kisha akanawa mikono na kuniambia nimchagulie kuku aliye bora kati ya wale waliobaki.

Jioni ile mlango wa gereji ulifunguliwa. Mama Brian aliitwa pia, makusudi, na akaonyeshwa yale manyoya kabla hajaketi. Mezani kulikuwa na ugali, mboga, na kuku wa mchuzi mzito. Mama Nekesa alimvuta Mama Furaha akamkalisha kwenye kiti cha Baba Nekesa. "Nilikushuku, na hukufanya kitu," alisema, amesimama. "Nisamehe, dada yangu. Hapa ni kwako, na huyo mzee akifika nitamwambia mwenyewe." Akapakua. Firigisi akaiweka juu kabisa, akaisogeza sahani kwa mikono miwili. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wakati ule.

Mama Furaha aliitazama sahani. Machozi yakamtoka. "Nimesamehe, mama. Vraiment, kweli nimesamehe na roho yangu yote," alisema. "Mais, lakini kuku siwezi."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Mama Brian alikohoa. Mama Nekesa aliifunika ile sahani kwa sahani nyingine. "Nitakuwekea," alisema, na akaiweka ndani ya friji, nasi tukala bila kuangaliana. Ilikaa mle mpaka ikaharibika. Mama Nekesa hakujua namna nyingine ya kuomba radhi. Angeweza kupigwa akavumilia, lakini mgeni wa kukataa firigisi yake mara mbili alikuwa ameikataa nyumba. Hakufunga tena mlango, lakini chupa ya chai haikushuka kabatini. Baba Nekesa alifika, akasimuliwa habari ya minki akacheka sana, akasema mama yule akae tu. Jumamosi hiyohiyo Mama Furaha aliomba nimpeleke kituo cha basi. Kule Houston mama mmoja wa Kikongo alikuwa amempa sehemu ya kulala sebuleni.

"Lakini umeshinda," nilimwambia garini. Nilikuwa nimemkasirikia yeye pia. "Mnyama ameonekana. Ungekula kipande kimoja tu."

"Nyama imeonekana, ndiyo," akajibu, Biblia mapajani. "Mais balinitafuta miye kwanza. Muntu akikushuku mara moja, anakulisha na mukono moja, na macho iko inaangalia utameza namna gani." Kisha akashuka, akanikumbatia.

Mwaka 2020 nilihamia Houston kusomea uuguzi, na Jumapili moja nikamtafuta Gulfton. Alikuwa amepata chumba chake katika moja ya majengo yale marefu, ngazi zimejaa watoto, kila baraza imeanikwa nguo, na mtu anauza mandazi mlangoni. Alinikaangia samaki. Simu ikalia, akaongea Kibembe kwa sauti ya juu, bila kunong'ona, kwa kuwa hapa hapakuwa na mtu wa kuosha vyombo polepole. Alikuwa ni Espoir, mwanawe; Furaha ni jina la mama mwenyewe. Faili lake lilitengana na la mama yake, yeye akabaki Kigoma, na miaka ile milango ya wakimbizi ilikuwa imebanwa. Siku ya kuagana kambini majirani walipika kuku, Espoir akapewa paja, hakulila. Alilifunga kwenye gazeti akamtilia mama yake mfukoni kwa ajili ya safari. Mama Furaha alilila ndani ya basi, peke yake, na pale pale akaweka nadhiri kwamba hataonja kuku tena mpaka atakapomla pamoja na mwanawe. Mizunguko yake ya alfajiri ilikuwa ya kumwombea huyo.

"Kwa nini hukumwambia Mama Nekesa?" nilimuuliza, nikiwa nimeshika mwiba wa samaki.

"Nadhiri iko ya Mungu. Ukiitangazia bantu inakuwa matangazo." Akaninyooshea kidole. "Na weye usimuambie. Nitamuambia miye, siku nitakula kuku yake."

Nilinyamaza miaka yote hiyo, na haikuwa rahisi. Espoir alifika mwaka jana, mwanamume mzima mwenye ndevu. Walimla kuku wao, nilikuwepo, nilimchinja mimi. Mama Furaha alianza kupanga safari ya Carrollton. Alisema Pasaka, kwa sababu Pasaka ghala analofanyia kazi Houston linafungwa. Moyo wa Mama Nekesa ulisimama kabla ya Pasaka.

Sasa ukumbini watu walikuwa wanapanga foleni. Nilisimama pembeni nikawatazama, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Walipakua pilau, wakapakua mbuzi, wakafika kwenye kisufuria cha kitenge, na kila mmoja akaona kitu cha kumwita upande wa pili. Mwanamke mmoja aliinua pembe ya kitenge, akachungulia, akairudisha ilivyokuwa. Foleni ilipokwisha nilikwenda kuketi kwenye mojawapo ya vile viti vitupu. Mama Furaha aliinuka bila haraka, akakileta kisufuria na sahani, akaviweka juu ya meza ndogo kati yetu, akakifungua kisufuria. Ndani kulikuwa na kuku mmoja, mdogo, na firigisi juu.

"Kidogo hivi?" nikamuuliza.

"Banakula yangu hapa?" akanijibu. "Ilikuwa ya yeye na miye. Sasa iko ya weye na miye. Ni ya halali, niliinunua kwa Wasomali. Nilijua utakuya."

Akaichukua firigisi kwa vidole, akaitazama ile picha ya mbele, akaila. Alitafuna taratibu sana. Nyuma yetu nilimsikia Mama Brian, sauti yake imezeeka lakini haijapungua.

"Kumbe kuku anakula."

"Na zile siku alikuwa anakataa nini?" mwenzake akauliza.

"Si nilisema?"

Mama Furaha alisikia, maana taya lilisimama kidogo, kisha likaendelea. "Kula, Rehema," alisema, akinisogezea sufuria. "Iko moto bado." Nikala. Nilikula kwa mkono, paja, shingo, mbawa zote mbili, mpaka nikabaki na mifupa, na mifupa nikaipanga mmoja mmoja ukingoni mwa sahani, mstari mmoja, ncha zote zikielekea upande mmoja, nikaiacha hapo mezani ili wakipita waione.